UZI: Nimeangalia "Binti" nikiwa kibandani Mwanjelwa, Mbeya. Wale wanawake wanne hawajakutana kwa bahati, kuna hela inawazungusha

#1 Wakala Mwanjelwa (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Uzi ni mrefu, asiyependa kusoma apite taratibu asije kuniuliza mwishoni "kwa kifupi unasemaje".

Naongelea Binti, filamu yetu ya 2021 aliyoiongoza Seko Shamte, ile ya ndugu wawili Angela na Alinda Ruhinda na kampuni yao ya Black Unicorn Studios. Najua kuna mlioiona zamani mkaisahau, mimi ndio nimeimaliza juzi, kwa simu tena kwa vipande, maana kibandani mteja akija unasimamisha, unamhudumia, unarudi. Imekatwa sehemu nne na kila sehemu ina mwanamke wake. Kuna Tumaini mwenye kaduka na deni linalomkaba, kuna Angel anayeandaa harusi na mwanaume anayempiga, kuna Stella anayehangaika kupata mtoto, na Rose ambaye mtoto wake ana usonji (autism). Wote wako Dar, wanapishana, maisha yao yanagusana na wenyewe hawajui. Zaidi ya hapo sisemi, nisiwaharibie utamu ambao hamjaiona.

Sasa dada wa saluni ya jirani tuliyemalizia naye akasema "hapa wamelazimisha bana, Dar na ukubwa wote ule hawa wanne ndio wagusane hivyo?" Nikamwambia shoga yangu, wewe umekaa Mwanjelwa miaka yote na hujui umefungwa kamba moja na nani.

Ngoja nieleze. Mimi natoa na kuweka hela za mitandao yote, kibanda kipo upande wa mitumba. Wateja wangu wengi ni wamama: wa mabelo ya mitumba, wa viazi vya Uyole, wa mchele wa Kyela, wa ndizi zinazoshuka alfajiri kutoka Tukuyu, mamalishe. Wengi wana mkopo wa kikundi na wengi wao mume hajui. Siku za rejesho zinatofautiana, kuna kikundi cha Jumatatu, kuna cha Jumatano, kuna cha Alhamisi.

Sasa angalia mchezo ulivyo. Jumanne jioni mama wa viazi anapokea elfu hamsini kutoka kwa mama wa mchele, anatoa, kesho asubuhi anaipeleka kikundini. Lakini wa mchele naye kikundi chake ni Alhamisi, kwa hiyo Jumatano jioni wa viazi lazima airudishe na hajauza cha maana, basi anamwomba mtu wa tatu. Huyo wa tatu kikundi chake ni Jumatatu, ana nafasi ya kupumua, anatuma. Ikifika Jumapili na yeye anaanza kupiga simu. Ukikaa na daftari la miamala unaiona elfu hamsini ileile, haiongezeki, inapungua makato tu, inatoka huku inaenda kule, na kila mama akifika dirishani ananong'ona "dada hii siri yangu na wewe" akidhani yuko peke yake soko zima.

Na kinachonimaliza ni hiki, mama wa viazi hana habari kwamba ile hela ya wa mchele ilianzia kwa mama mmoja wa mabelo ambaye wao wawili hawasalimiani tangu wagombanie meza!!! Wanapita wakipishana mabega, wananuniana, na mmoja wao ndio kamwokoa mwenzake asichukuliwe godoro.

Mtu akiniambia Binti wamelazimisha, namwambia aje akae kibandani kwangu wiki moja.

#2 Kitonga Express

Naweka kambi hapa. Ila dada wakala, wewe unatunza siri za watu au unazipeleleza? Daftari la miamala sio la kusomea riwaya 😂

#3 Wakala Mwanjelwa

@Kitonga Express daftari lipo kwa sababu mteja akirudi kesho na kelele "hela haijafika" nataka ushahidi. Na hakuna jina la mtu nimelitaja hapa wala sitalitaja, hata hizo bidhaa zao nimezibadilisha badilisha kidogo, wa viazi anaweza akawa anauza dagaa. Tulia.

#4 Ticha wa Mafinga

Mleta uzi umeandika vizuri ila naomba nipingane na wewe kuhusu filamu yenyewe, maana umerukia sokoni haraka. Mimi kilichonigusa ni Rose, na kilichonikera ni kwamba ile ni Dar ya watu wenye nafasi, nyumba zina mapazia ya maana, mtu ana shida lakini anailia kwenye kochi zuri. Sisemi mwenye kochi zuri haumii. Nasema mwanamke wa Mufindi akiona ile anasema "yale ni ya watu wa mjini", na hapo filamu imempoteza mtu ambaye ingemsaidia zaidi.

Huku kwetu mtoto mwenye usonji hajapewa hata hilo jina. Ataitwa bubu, ataitwa mkorofi, wengine watasema mama yake alivunja mwiko wa ukoo. Nimefundisha darasa la kwanza, nimeona mtoto analetwa shule ana miaka kumi na mama anaomba radhi kabla hujauliza kitu. Anaomba radhi! Baba hajaja, baba hatokuja.

#5 Ndizi Tukuyu

@Ticha wa Mafinga ndaga fijo (asante sana) kwa kuandika hilo. Huyo mama wa kuomba radhi nimekuwa mimi.

Sitaki kusimulia sana, ila niunganishe na alichosema mleta uzi. Wangu alichelewa kuongea, akawa hatazami mtu usoni, kelele kidogo anaziba masikio. Mama mkwe akasema apelekwe kwa mtaalamu wa mizizi, mume akakubali na mbuzi akauzwa. Mimi nilitaka tushuke Mbeya hospitali nikaambiwa hela hakuna. Basi nikaenda kikundini nikaandika sababu ya mkopo "ada ya shule", mwenyekiti akanitazama, na yule mama anajua kabisa mwanangu hasomi, akasema "ada ni ada" akagonga mhuri. Wenzangu wanne wakasaini kunidhamini. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza hiyo shule iko wapi.

Kwa hiyo mimi nilipoiona ile filamu sikushangaa wanawake kuunganishwa bila kujuana. Nilishangaa tu kwamba sisi wengine tunajuana kabisa na bado tunajifanya hatujui, maana ukijifanya hujui ndio mwenzio anabaki na heshima yake.

#6 Kitonga Express

Pole sana mama, Mungu akutunzie mtoto.

Ila wakuu tuwe wakweli, huu uzi umeanza kuwa wa kuwasifia wanawake kwa kuficha. Mimi ni dereva, natoka Dar naenda Tunduma, wakati mwingine navuka mpaka, nyumbani naingia kwa wiki mara moja au sifiki kabisa. Siku moja nafika saa nne usiku nimechoka nakuta seti ya makochi haipo. Namuuliza mke wangu ananiambia "nimemwazima jirani ana kipaimara". Seti nzima! Mpaka meza ya kioo! Nikalala. Kesho yake bodaboda wa pale kona ndio ananiambia "kaka pole, tuliona wale jamaa wa mkopo wamekuja na Kirikuu".

Mnajua inavyouma kuambiwa mambo ya nyumba yako na bodaboda? Mtaa mzima ulikuwa unajua isipokuwa mimi ninayelipa kodi. Hiyo nayo itengenezewe filamu.

#7 Mama Parachichi

Kamwene wote. Niko Njombe.

@Kitonga Express kaka swali dogo bila ubaya, ukiwa njiani wiki mbili unaacha shilingi ngapi ya matumizi?

#8 Kitonga Express

Naacha ya kutosha.

#9 Mama Parachichi

😂😂😂 "Ya kutosha". Haya.

#10 Wakala Mwanjelwa (mleta uzi)

Nimecheka mpaka mteja kaondoka.

Kitonga Express sina ugomvi na wewe, na kuumia kwako nakuelewa, lakini niseme kitu kuhusu huko kuficha. Mama haanzi kuficha siku anakopa. Anaanza kuficha siku aliyosema "naomba mtaji" akajibiwa "biashara zako zile za hasara". Ndio maana kwenye Binti mimi nilikaa zaidi kwa Tumaini na Angel, hao wawili niliwaona kama mtu mmoja. Angel anaficha kipigo ili harusi isivunjike. Tumaini anabeba deni na ukimwona huwezi kujua yuko kwenye hali gani. Kote unamwona mwanamke anatengeneza uso kabla ya kufungua mlango. Mimi hiyo naiona kila asubuhi, mama anafika dirishani kavimba macho, anavuta kanga, anauliza "dada floti ipo?" kwa sauti ya kawaida kabisa.

Halafu sheria tunazo jamani, Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi hakuna mwenye haki ya kumchapa mwenzi wake, mume kwa mke au mke kwa mume. Tangu 1971! Mabinti wangapi wanaovishwa pete hapa mitaa ya Soweto na Mafiati wanajua hilo? Kwenye kitchen party wanafundishwa kuvumilia na kupika, basi.

Na wale wa mkopo. Watu wa nje ya soko wanadhani kuiita mikopo hii kausha damu ni jina la utani tu. Utaratibu uko hivi: mnakaa watano, mnadhaminiana, mmoja asipoleta hamuondoki kwenye kikao mpaka hela itimie. Yani mama ameacha mtoto mgonjwa, ameacha biashara, anakaa kwenye benchi mpaka saa nane mchana kwa sababu ya rejesho la mwenzake ambaye kazima simu. Hapo ndipo wanapochangishana, huyu elfu mbili huyu elfu tano, na ikishindikana wanaenda wenyewe nyumbani kwa mwenzao kubeba vitu. Wenyewe wanawake, majirani, wanabeba godoro la rafiki yao. Kisha Jumapili wanakaa kanisani benchi moja.

Soko la Sido hapa Mbeya lilivyoungua Agosti 2017 si mnakumbuka. Mali iliteketea usiku mmoja, madeni hayakuungua. Mama mmoja aliniambia kilichomuuma ni kwamba hakuweza hata kulia nyumbani kwa sababu mume alikuwa anajua mzigo ni wa hela ya mke mwenyewe, si wa mkopo, sasa alie kwa deni lipi?

#11 Afisa Mstaafu

Mimi nilikuwa upande wa pili, nilikuwa afisa mikopo, taasisi siitaji. Nimefanya Iringa mjini na Makambako. Nitawaambia kitu ambacho wamama wengi hawakijui.

Afisa ana lengo la mwezi. Kikundi kikishindwa, pale ofisini swali linakuwa "wewe ulikikopeshaje?" na mimi kuna miezi mshahara wangu ulikatwa kwa sababu ya kikundi kimoja cha Ilula, msimu ule nyanya zilishuka bei mpaka watu wakawa wanaziacha shambani. Kwa hiyo yule kijana mnayemwona anagonga meza kwenye kikao naye nyumbani kwake kuna mtu ambaye yeye anamdanganya kwamba mambo yako sawa.

Na hiyo elfu hamsini ya kuzunguka tulikuwa tunaijua. Tuliita "kuviringisha". Kwenye ripoti kikundi kinaonekana kinalipa asilimia mia, safi kabisa, halafu siku moja mama mmoja anafiwa, anaenda kijijini wiki mbili, na vikundi vitatu visivyohusiana vinaanguka pamoja. Bosi anauliza kuna nini, mimi najua kuna nini, najua ule msiba wa Kilolo ndio umevuta kamba yote, lakini utaandikaje hiyo kwenye fomu?

#12 Ticha wa Mafinga

Hiyo #11 ndio filamu yenyewe. Msiba mmoja unaangusha vikundi vitatu. Mtu akiandika hiyo hata kwa sauti tu iende redioni watu watasimamisha magari.

Niongeze na upande wa sheria kidogo kwa faida ya wasomaji. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ni ya 2018, inagawa wakopeshaji kwenye madaraja manne na Benki Kuu ndio mwenye mamlaka. Vile vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viko daraja la nne, wanaokopesha bila kupokea amana wako la pili. Anayekopesha bila leseni anavunja sheria, period. Na hata zile za kwenye simu, Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali. Zile za kuwatumia meseji watu wote kwenye simu yako kwamba unadaiwa, mpaka mchungaji wako anapata.

Na ile mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi ya mapato yao ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Katikati hapo wamama waliokuwa wanaisubiri mnadhani walienda wapi?

#13 Mama Parachichi

Walikuja kwangu 😅 natania, ila kweli.

Mimi naomba niseme la mashambani maana naona mmekaa sokoni tu. Shida ya hiyo mikopo huku kwetu ni kalenda. Unakopa kwa ajili ya viazi, mbolea na mbegu, viazi vinakaa ardhini miezi, lakini rejesho la kwanza ni wiki ijayo. Wiki ijayo! Kiazi hakijatoa hata jani. Mahindi ndio usiseme. Na parachichi, mtu amekopa kununua miche ya Hass, mche unaanza kuzaa mwaka wa tatu hivi, rejesho Jumanne. Sasa huyo mama anatoa wapi? Anaenda kulima vibarua shamba la mwenzie ili alipe mkopo wa shamba lake, lake linaota nyasi. Au binti wa miaka kumi na nne anatolewa shule anapelekwa Dar kufanya kazi za ndani, na anatuma hela kila mwezi, baba anaambiwa "shangazi yake kamchukua anasoma huko".

Hapo ndio nikaona Binti imeacha mtu mmoja. Kwenye nyumba zile za Dar, za akina Rose na Stella, anayefua na kubembeleza mtoto mara nyingi katoka huku kwetu, Iringa, Njombe, Makete. Mwanamke wa tano. Mshahara wake ndio unalipa rejesho la mama yake. Kwa hiyo mama wa Makete na mama tajiri wa Dar wameunganishwa na mtoto wa kike mmoja, na hawatakaa wakajuana.

#14 Ndizi Tukuyu

Mwee! Mwanamke wa tano. Nimeacha kumenya ndizi.

#15 Wakala Mwanjelwa (mleta uzi)

Mama Parachichi hapo umenimaliza. Na mimi naziona hizo, tarehe za mwisho wa mwezi, mama anakuja na simu ya tochi, "mwanangu katuma, nisomee ni kiasi gani". Amri ya mishahara ya 2022 ilimwekea mfanyakazi wa ndani anayelala kwa bosi elfu sitini kwa mwezi kama kima cha chini. Elfu sitini! Mara nyingi ninayoisoma haifiki hapo, na mama ananiambia "toa yote" na anavuka barabara kwenda kikaoni.

#16 Kitonga Express

Wale wadada nawabeba sana. Wanapandia Makambako au Mafinga na begi dogo, wengine hawajawahi kuuona mlima Kitonga, tukianza kushuka wanafumba macho wanasali. Kuna shangazi anampokea stendi Dar. Zamani nilikuwa namwuliza binti "unaenda kusoma?" siku hizi siulizi.

Nabaki na msimamo wangu lakini, mke aniambie. Deni sio kitu cha kuambiwa na bodaboda.

#17 Mama Parachichi

Basi na wewe mwambie unaacha shilingi ngapi, muanzie hapo kaka yangu.

Sisi kikundi chetu tulihama kwa wale wa kila wiki. Tuko wamama wa mtaa mmoja, tunanunua hisa kila Jumapili baada ya ibada, tunakopeshana wenyewe, na mkopo wa shamba unarejeshwa baada ya mavuno. Riba ndogo na inabaki kwetu, mwisho wa mwaka tunavunja kikoba tunagawana. Hatubebi godoro la mtu, hiyo tumeandika kwenye katiba ya kikundi ukurasa wa kwanza. Kuna waliotuona wajinga, mwaka wa kwanza wawili walikimbia na hela, tukazilipa sisi tuliobaki, lakini tunaendelea.

#18 Afisa Mstaafu

Hao wawili waliokimbia ndio mtaji wa afisa mikopo, akija mtaani kwenu atasema "mnaona, bila sisi mtaibiana".

#19 Wakala Mwanjelwa (mleta uzi)

@Mama Parachichi hiyo ya kurejesha baada ya mavuno nimeisomea kwa sauti hapa kibandani, kuna wamama watatu wamesimama, mmoja wao ni yule wa viazi na mwingine ni yule wa mabelo, ndio hao hao wasiosalimiana, na wote wawili wameuliza swali moja kwa pamoja: bei ya viazi ikianguka kama ilivyoanguka ya nyanya za Ilula, mnamsogezea mwenzenu mpaka msimu mwingine au mnampiga faini? Jibu upesi wanataka kufunga meza.